Miaka Yangu ya Kuosha Maski Kinindo

Jumamosi iliyopita nilirudisha maski namba saba. Niliiosha, nikaikausha kivulini, nikaitundika kwenye msumari wake, halafu nikabaki nimesimama pale kama mtu aliyesahau kitu. Madame, mwenye uwanja, alinipita akasema, "Nadège, mutu wa miaka kumi na minane hastaafu. Anaacha kazi tu."

Tonton Faustin, fundi wetu tunayemwita mjomba kwa Kifaransa, alikuwa amelala chini ya mashine ya hewa, miguu peke yake ndiyo ilionekana. Akajibu bila kutoa kichwa: "Mwache astaafu. Amefanya kazi."

Basi nimestaafu. Mwezi ujao naenda Gitega kusomea uuguzi, na nyinyi wawili, Divine na Bonheur, mnachukua Jumamosi na Jumapili zangu kwenye uwanja wa paintball. Tonton alitaka niwakalishe niwaeleze kazi. Mnanijua, kuongea mbele ya watu siwezi, hata wakiwa wawili. Ndiyo maana mmepewa daftari. Cheo sitakieleza kwa sababu nilipewa kimoja nikabaki nacho, na mambo ya mshahara ni ya Madame. Nitaeleza vitu vinavyoshikika.

Nilianza nikiwa na miaka kumi na sita. Mama yangu na Madame wanaimba kwaya moja, na siku moja baada ya mazoezi Madame akasema anatafuta mtu wa mwisho wa juma. Mama akamwambia, "Niko na mutoto haongei. Mpe vitu vya kuosha." Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya kuomba kazi. Mimi niliambiwa tu kwamba ni kazi ya rangi, nikatoka kwetu Kamenge na nguo mbovu nikidhani nakwenda kupaka ukuta.

Nilikuta kiwanja kikubwa nyuma ya nyumba ya Madame, upande unaoteremkia ziwani, kimejaa matairi, mapipa na kuta za mbao za kupakilia mizigo. Kulikuwa na maski kumi na mbili na lansa kumi na mbili ambazo Madame alizileta kutoka Ubelgiji. Lansa ndiyo ile mashine ya kurusha vidonge vya rangi kwa nguvu ya hewa. Timu mbili zinaviziana katikati ya matairi. Ukipakwa rangi unatoka, na timu iliyobaki na watu ndiyo imeshinda. Mchezo wote ni huo. Kazi ndiyo iliyonichukua miaka miwili na nusu kuijua.

Tonton alinipa ndoo. Yeye ni mtu wa Uvira, alikuwa fundi wa baiskeli huko na hapa pia, mpaka Madame alipomuomba aangalie mashine ya hewa siku moja na hakuondoka tena. Akaniuliza jina. Nikasema. Akasema, "Sijasikia." Nikasema tena. "Sijasikia." Mara ya tatu akaniangalia vizuri, akacheka kidogo, akasema, "Bon. Tutaanza na maji."

Maski inaoshwa na maji ya uvuguvugu na kitambaa cha fulana iliyochoka. Msitumie sabuni ya unga, inachora kioo. Msifute kioo kikiwa kikavu. Msikianike juani, kwa sababu jua la Kinindo saa sita linaweza kupindisha chochote, tabia ya mtu ikiwemo. Ndani ya maski mtakuta jasho, poda, mafuta ya nywele na siku moja nilikuta kope za bandia, zote mbili. Osheni tu, msimuulize mtu.

Baada ya maski, Tonton alinifundisha maneno. Uwanjani kwetu hakuna bunduki, kuna lansa. Hakuna kuua, wala kufa, wala adui. Mtu anapakwa, basi. Mgeni akisema "nimemuua," refa anamrekebisha kwa upole: "Umempaka." Nilidhani ni sheria ya Madame ya kupendeza wageni. Miezi mitatu ilipita ndipo Tonton akanieleza, tena sikuwa nimeuliza, tulikuwa tunapanga chupa za hewa. "Mi nilitoka Uvira na miguu, ile miaka ya vita," akasema. "Yale maneno niliyatumia yote kule. Hapa niko na mengine."

Na ndiyo maana pia kabla ya mchezo wa kwanza mnaenda kwenye milango mitatu ya majirani, mnabisha, mnasema, "Amahoro, tunaanza." Neno hilo ni amani. Siku uwanja ulipofunguliwa hakuna aliyefanya hivyo, na bibi wa nyumba ya kushoto aliposikia pa-pa-pa aliingia chini ya kitanda na akakaa humo mpaka jioni. Tonton alimfuata mwenyewe na kidonge kimoja, akamwekea mkononi, wakakipasua pamoja. Bibi akasema rangi ni nzuri. Lakini mlango wake bado unabishwa kila Jumamosi, na msitume ujumbe kwa simu. Anataka kuwaona.

Sasa vidonge. Vinafanana na vile vya duka la dawa, vile laini, ila ni vikubwa na vya mviringo. Joto linavivimbisha, vinakwama kwenye lansa, vinapasukia ndani na mnapata uji wa njano wa kusafisha saa nzima. Mwezi wangu wa pili nilijifanya mjanja, nikaviweka kwenye friji pamoja na soda. Vilitoka vimelowa na vigumu kama mayai ya mjusi, nusu vikapasuka kabla ya kumfikia mtu. Tonton hakunigombeza. Alinipa lansa zote kumi na mbili na brashi. Vikae kwenye chumba cha nyuma, kwenye ndoo zenye mfuniko, na mifuko igeuzwe kila wiki ili visibonyee upande mmoja, kama mnavyogeuza mgonjwa asipate vidonda. (Hilo la mgonjwa nimelisoma juzi, ninajiandaa.) Asubuhi dondosheni kimoja kutoka kwenye bega. Kikidunda ni kizuri. Kikipasuka palepale, mfuko wote uacheni.

Wageni wa mara ya kwanza wanafanana. Wanakuja na nguo nyeupe. Wanaume wanashika lansa kama kwenye sinema na wanawake wanauliza kama inauma. Inauma. Waambieni ukweli: ni kama kufinywa na mtu aliyekukasirikia kidogo, halafu inapita. Mgeni aliyedanganywa kwamba haiumi hukasirika zaidi kwa ule uongo. Wavae mikono mirefu na viatu vya kufunga. Mchezo wa kwanza watembee, wasikimbie. Waangalie kwanza wanapokwenda, ndipo waondoke walipo. Na waambieni wasijazane kwenye lile tairi kubwa la katikati, ingawa hawatawasikia. Kila mgeni analikimbilia lile kama lina jina lake. Mtu akiwa karibu yako chini ya hatua kumi humpaki, unamwambia tu, "Nimekuona," naye anatoka.

Mchezo wa mwisho unaisha saa kumi na moja na nusu. Madame huwaambia wageni ni sheria ya nyumba. Ukweli ni sheria ya kiboko, ambaye hupanda kutoka ziwani akapita kona ya chini kwenda kula majani ya watu, na hana ratiba.

Lakini sheria iliyo juu ya zote ni maski. Haitoki usoni mpaka mtu awe nyuma ya wavu, pale kwenye mabenchi. Ikiingia ukungu, ikiwasha, nzi akiingia, mtu anainua mkono na refa anamtoa nje. Wiki yangu ya kwanza Madame alituambia mimi na Tonton, polepole, akihesabu na vidole: "Jicho moja likiumia, nafunga mulango. Nadège anarudi nyumbani, Tonton anarudi kwa baiskeli zake, na mi nalima maharagwe hapa." Hakuwa anatishia. Aliwahi kuona mtu aliyepoteza jicho, hakusema wapi. Nilikuwa naosha maski nikisikia lile neno, maharagwe.

Mwaka wa pili wakanifanya refa. Sikuomba. Yule kijana aliyekuwepo alipata kazi mtaa wa Kigobe, na Tonton akasema mtu anayejua maski ndiye anajua mchezo. Siku ya kwanza nilisimama uwanjani na kizibao cha rangi ya chungwa, nikaona mtu anavuka mpaka, nikasema, "Simameni." Hakusimama hata kuku wa Madame. Nikajaribu filimbi, lakini filimbi na maski havikai kwenye uso mmoja. Mchezo ule uliisha wenyewe, watu wakachoka wakatoka.

Nililia bafuni kwa Madame. Nilipotoka nikakuta Tonton anafunga waya kwenye chuma cha bembea ya zamani, na kwenye waya ananing'iniza jante, kile chuma cha gurudumu la gari. Akanipa bolti kubwa. "Piga," akasema. Nikapiga.

Kila mtu alisimama. Wageni waliokuwa wanavaa viatu walisimama. Mpishi wa jirani alisimama na sufuria yake, tulimuona juu ya ukuta. Madame alisimama mlangoni, na yeye shule amemaliza zamani. Shule zetu kengele ni jante, ikilia bendera inapanda na kila mtoto anasimama; mtu aliyesoma shule ya msingi hapa hawezi kuisikia akaendelea kutembea. Kichwa kinaweza kukataa lakini miguu inakumbuka bendera. Tonton alipangusa mikono. "Sasa una sauti," akasema. Nafikiri hakuna zawadi niliyopewa maishani inayofika pale, na ilitoka kwenye gari bovu.

Kilichobaki ni wabishi. Mtu anapakwa mgongoni, anafuta na majani, anasema, "Mimi? Apana, hii ni ya mchezo uliopita." Refa mwingine angebishana. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu. Kwa hiyo nikafanya kile ninachokiweza: nikaandika. Nilichukua ubao wa mbao, nikaupaka rangi nyeupe, nikaandika kwa herufi nyekundu:

UKIPAKWA, INUA MKONO, USEME MURAKOZE.

Tonton alicheka mpaka akakaa chini. "Mutu anapigwa, anasema asante?" Lakini tuliujaribu Jumapili ileile na ulifanya kazi. Ukishamshukuru mtu mbele ya wenzako huwezi kugeuka ukasema hakukupaka. Wabishi waliisha. Watu walianza kupenda lile neno kuliko mchezo wenyewe, walikuwa wanapakwa na kupiga kelele "Murakoze!" mpaka bibi wa jirani anaitikia kutoka kwake. Nilijivuna, naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nikipita mbele ya ubao nilikuwa napunguza mwendo.

Siku ninayotaka mjue vizuri ilikuwa ya kiangazi, mwaka jana. Ilikuja familia ya Mzee Zacharie, aliyekuwa mkurugenzi, yaani mwalimu mkuu, wa shule ya msingi miaka mingi, pamoja na familia ya kijana anayeitwa Olivier. Olivier alikuwa anataka kumuoa Inès, binti wa Mzee. Sherehe ya kumuomba ilikuwa imebaki wiki chache, na wazo la kuja lilikuwa la Inès. "Kule kila mutu atakaa kwenye kiti anapima mwenzake," aliniambia. "Hapa angalau watakimbia."

Mzee alikuja na tai. Tulimvalisha ovaroli juu ya tai. Alisikiliza maelekezo mikono nyuma, halafu akaenda kusimama mbele ya ubao wangu akausoma mara mbili, midomo ikicheza. Nilifurahi moyoni kwamba mwalimu anasoma maandishi yangu. Olivier yeye hakuwa anasoma chochote. Alikuwa anajitahidi asiwe karibu na Mzee, asiwe mbali na Mzee, na asiwe na lansa iliyoelekea kwa Mzee. Wakawekwa timu tofauti. Binamu watatu wa Inès walijificha nyuma ya kuta za mbao na walikuwa wanapaka kila kinachotikisika.

Katikati ya mchezo shangazi yake Inès alipakwa, akawa anatoka bila kufunika mdomo wa lansa yake. Kuna soksi ya kuufunika, mnaijua. Niliacha jante nikaenda kuivalisha lansa ile soksi. Bolti ilikuwa mfukoni mwangu na jante ilikuwa hatua ishirini nyuma. Msiondoke kwenye jante, muiteni mtu aje kwenu. Hilo lilikuwa kosa langu la pili siku ile. La kwanza lilikuwa ubaoni, na sikulijua bado.

Mzee alikuwa anavuka uwanja wima, taratibu, kama anakagua mistari ya wanafunzi. Olivier alikuwa nyuma ya tairi kubwa, bila shaka. Aliona ovaroli, akarusha bila kuangalia ni ya nani. Kidonge kikampata Mzee katikati ya kifua. Mzee akasimama, akanyoosha mkono juu, akasema kwa sauti iliyowahi kunyamazisha madarasa sita:

"Murakoze."

Niliona mabega ya Olivier yakishuka. Aliitambua ile sauti. Na sasa fikirini kama yeye. Baba wa msichana unayetaka kumuoa amekushukuru, amesimama, na wewe umechuchumaa nyuma ya tairi umefunika uso. Unaweza kubaki pale? Olivier aliweka lansa chini, akatoka, akamwendea, na njiani akashika maski kwa mikono miwili akaipandisha juu ya paji la uso. "Munisamehe, Muzee," akasema. Mzee naye akaipandisha yake. Hakuwa amesahau sheria. Alinieleza baadaye kwamba mtu mzima hawezi kumjibu kijana aliyefunua uso huku yeye amejificha.

Nyuso mbili wazi katikati ya uwanja, na kutoka kwenye kuta za mbao pa-pa-pa ilikuwa inaendelea.

Nilifungua mdomo. Sauti ilitoka, ninaapa ilitoka, lakini iliishia ndani ya maski yangu. Jante ilikuwa mbali kuliko wao. Nikakimbia kwao. Mkikimbia namna ile mnakuwa na muda wa kufikiria kitu kimoja tu, na mimi nilifikiria kwamba Olivier amewapa mgongo binamu, Mzee amewapa uso. Kwa hiyo nilimfuata Mzee. Sikusema samahani. Nilirusha mikono, nikashika ile maski, nikaivuta chini kwa nguvu mpaka kidevuni, na viganja vyangu vikabaki kwenye mashavu yake. Mimi uso wa babu yangu mwenyewe sijawahi kuugusa.

Mzee ni mrefu, mimi mfupi. Kitu kilipita juu ya bega langu na nikasikia *pap* kwenye kioo chake, mbele ya macho yangu. Halafu vitatu mgongoni mwangu, mfululizo. Halafu jante. Tonton alikuwa ametoka kwenye mashine ya hewa akaipiga na spana, na ililia kama asubuhi ya Jumatatu. Kila mtu akaganda. Mimi niliganda nimeshika uso wa mkurugenzi.

Nyuma ya wavu shangazi ndiye alianza. "We mutoto, unashika mutu mukubwa usoni? Kwenu wanakufundisha hivyo? Umemvuta kama mbuzi." Nilikuwa nalia ndani ya maski na kioo kilikuwa kimejaa ukungu, sikuona hata sura yake. Madame alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kizingiti. Nilijua anahesabu maharagwe. Tonton akatangulia mbele: "Kosa ni la mi, Muzee. Mi njo nawafundisha hawa."

Mzee aliinua kidole na wote wakanyamaza, Tonton pia. Alivua maski, akaigeuza. Kwenye kioo, mahali pa jicho la kushoto, kulikuwa na ua la njano limetandaa kama kiganja cha mtoto. Alilitazama. Alifumba jicho lake la kushoto, akalifumbua, akalifumba tena. Halafu akauliza, "Ule ubao ameandika nani?"

Ningeweza kunyamaza. Kunyamaza nilikuwa mzoefu, na Tonton alikuwa tayari amefungua mdomo ajibu yeye. Lakini ule ubao niliupenda mno kumuachia mtu mwingine aubebe.

"Ni mimi."

"Inua sauti."

Nikavua maski. "Ni mimi, Muzee."

"Umewafundisha watu kushukuru," akasema. "Ni vizuri. Sasa mutu wa hapa akishukuriwa na mukubwa, anafanya nini?"

"Anajibu."

"Anajibu na nini?"

Nilifikiria Olivier anavyotoka nyuma ya tairi. "Na uso."

"Basi wewe umeita uso utoke, na hukuupa pa kwenda." Akarudisha macho ubaoni. "Mwandiko mzuri. Sentensi haikumalizika. Kumi kwa ishirini. Rudia."

Akavuta kiti akakaa, akapewa soda, akasubiri. Walimu wanajua kusubiri namna inayokufanya uandike haraka. Tonton aliniletea kopo la rangi nyekundu. Mgongo ulikuwa unawaka, na herufi za chini mnaziona hadi leo zimelala upande. Niliandika:

ALIYEKUPAKA ATAINUA MKONO WAKE. HILO NDILO JIBU LOTE. USO TUTAUONA NYUMA YA WAVU.

Mzee alisoma, midomo ikicheza. "Kumi na sita."

"Nne zingine?" Tonton akauliza.

"Nne zingine ni za watakaosoma."

Kisha akasimama, akamgeukia Olivier ambaye alikuwa amejibanza pembeni na shingo yenye rangi ya njano, akampa mikono miwili. "Hapa sasa tuko nyuma ya wavu," akamwambia. "Nionyeshe uso." Walisalimiana kwa muda mrefu sana. Inès alikuwa anacheka na kulia. Waliomba mchezo mwingine, na katika mchezo ule Mzee alimpaka Olivier mara moja, begani, kwa utulivu. Olivier akainua mkono akashukuru. Mzee akainua wake. Hakuna maski iliyotikisika.

Madame alingoja wageni waondoke. Aliniita chumbani kwake, akanipaka dawa mgongoni, alama tatu za mviringo. "Ulikuwa haraka," akasema. Baadaye kidogo akasema, "Mama yako aliniambia hauongei." Nikasema ndiyo. Akafunika kopo la dawa. "Kesho kuya mapema, kuna harusi ya watu wengine."

Wale wawili walioana. Shangazi alirudi mwezi uliofuata na kikundi chake cha kanisa, akawaeleza wenzake sheria ya maski kabla mimi sijafungua mdomo, na akaieleza vizuri kuliko mimi. Sikumkumbusha ya mbuzi.

Maski ile ni namba tatu. Iko kwenye msumari karibu na jante, na rangi imekauka juu yake. Ni maski moja tu katika miaka yangu yote ambayo sikuiosha. Msiioshe. Mgeni akianza kusema maski inambana, inamharibia nywele, yeye haihitaji, msibishane naye, kama mimi nisivyobishana. Mpeni aishike.

Nimebakiza Jumamosi iliyopita. Nyinyi mlikuwepo lakini mlikuwa mnakimbia, kwa hiyo nawaambia nilichokiona. Miaka miwili na nusu sikuwahi kucheza hata mara moja. Nilikuwa refa, nilikuwa maji na kitambaa. Mchana wageni walipokwisha, Tonton akanipa lansa, akasema, "Mustaafu anacheza." Nikavaa namba saba. Na mimi niliyewaandikia muwaambie wageni wasijazane kwenye tairi kubwa la katikati, mlipoanza kurusha nilijikuta nimechuchumaa nyuma yake. Magoti yalinipeleka yenyewe. Kumbe ndani ya maski unasikia pumzi yako kuliko kitu chochote, na dunia ni ndogo kama dirisha la bafu. Nilikuwa nimewaelekeza watu wengi sana kuhusu mahali ambapo sikuwahi kufika.

Dakika ya pili Divine alinipaka begani. Inauma, sikuwadanganya.

Nilisimama, nikanyoosha mkono, nikasema murakoze. Divine aliinua wake, Bonheur pia, ingawa hakunipaka yeye. Lakini mimi sikuwa nimesema kwa Divine peke yake. Nilikuwa nimegeukia mbali, kona ya mashine ya hewa, ambako kelele ni nyingi na mtu hasikii hata akiitwa na Madame. Nilingoja aseme "Sijasikia," kama siku ile ya kwanza.

Tonton alitoa kichwa chini ya mashine. Akainua mkono, na spana ndani yake.